Nini humridhisha mwanachuo katika masomo ya moja kwa moja ya mtandaoni?

MWANAFUNZI wa chuo kikuu anayesoma kwa mtandao, saa ileile mhadhiri anapofundisha, hudai mambo mawili kabla ya mengine: asikie vizuri, na akiuliza ajibiwe. Picha ikififia huvumilia. Sauti ikikatika, somo limempita.

Masomo ya aina hii yalienea mwaka 2020, baada ya vyuo vya Kenya na Tanzania kufungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Hata hivyo hayakuwa mageni. Taasisi ya African Virtual University, iliyoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, ilirusha mihadhara kwa njia ya setilaiti hadi vyuo kama Kenyatta, na wanafunzi wakauliza maswali kwa simu. Ugumu ulikuwa uleule wa leo, kwani kusikiliza ni rahisi kuliko kupata zamu ya kuuliza.

Watafiti wengi wa suala hili hutumia kielelezo cha William DeLone na Ephraim McLean, kilichotolewa mwaka 1992 na kurekebishwa mwaka 2003. Kielelezo hicho hutazama ubora wa mfumo, wa maudhui na wa huduma, kisha hupima jinsi hayo matatu yanavyomgusa mtumiaji.

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, ubora wa mfumo huanzia mfukoni. Saa moja ya mkutano wa video inaweza kumaliza gigabaiti nzima ya kifurushi, ilhali sauti pekee hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mhadhiri anayelazimisha kila mmoja awashe kamera, pengine kwa nia njema ya kuhakikisha mahudhurio, huwatoza wanafunzi gharama asiyoiona. Yapo pia yaliyo nje ya uwezo wa chuo: Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota nchini Tanzania na kwa majirani zake.

Upande wa ufundishaji, Michael Moore alieleza mwaka 1989 kuwa mwanafunzi wa masafa huhitaji kuwasiliana na somo, na mwalimu, na wanafunzi wenzake. Darasa la watu 300 waliozimiwa vipaza sauti hubakiwa na lile la kwanza tu, na hilo hata redio ingeliweza.

Matarajio nayo yana uzito. Richard Oliver alionyesha mwaka 1980 kwamba mtu huridhika kwa kulinganisha alichotarajia na alichopata. Ndiyo maana mwanafunzi wa sheria anaweza kufurahia somo la mtandaoni, huku wa uhandisi, aliyelipa ada akitegemea karakana, akinung'unika. Kwa huyo, mhadhara uliorekodiwa humwezesha kurudia nadharia usiku, lakini hauwezi kumpa mashine ya kushika.