Mwinuko wa Mlima na Usahihi wa Vipimo vya Kasi ya Upepo: Mfano wa Amani, Usambara Mashariki

Insha hii inajenga hoja kwamba kumbukumbu za upepo za Amani haziwezi kulinganishwa na zile za pwani kabla ya kubainishwa aina ya chombo kilichotumika. Amani ipo takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo mwaka 1902. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kituo kilikuwa chini ya Waingereza, ambao mwaka 1929 waliunda huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, ikiongozwa na Albert Walter.

Katika kipindi hicho zilijulikana aina kuu mbili za vipima upepo. Aina ya kwanza, kama bamba la Wild na mrija wa Dines, hupima msukumo wa upepo. Msukumo huo hutegemea densiti ya hewa pamoja na kasi. Aina ya pili ni vikombe vya Robinson, vilivyobuniwa mwaka 1846. Mzunguko wake hauathiriwi sana na densiti.

Densiti hupatikana kwa kugawanya mgandamizo wa hewa kwa halijoto ya Kelvini na kigezo cha gesi. Kwa hewa kavu ya nyuzijoto 20 na hektopaskali 915, hali inayokaribia ya Amani, densiti ni kilo 1.09 kwa mita ya ujazo, ilhali vyombo husanifiwa kwa kilo 1.225. Kasi iliyosomwa huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa densiti hizo, yaani 1.06. Tanga, penye nyuzijoto 27 usawa wa bahari, kizidisho ni 1.02 tu. Unyevu huongeza chini ya asilimia 1.

Tofauti hiyo ni ndogo, lakini athari yake kwa historia si ndogo. Iwapo kituo cha mlimani kilibadilisha bamba kwa vikombe, kumbukumbu zisizosahihishwa zitaonesha upepo ulioongezeka kwa asilimia 6, na mtafiti anaweza kuuhusisha na ufyekaji wa misitu kwa ajili ya kahawa na chai. Kusahihisha vipimo vya vikombe kwa kanuni hiyohiyo huzalisha kosa jingine. Kwa hiyo, kumbukumbu isiyotaja chombo isitumiwe kuthibitisha mabadiliko madogo ya tabianchi ya Usambara.