Mji Alioutafuta Fawcett

Katika Amerika ya Kusini umo mto mkubwa uitwao Amazon, nao hupita katika msitu uliozidi kwa upana misitu yote mingine ya nchi za joto. Kusini ya mto huo, katika nchi ya Brazili, alipotea mwaka wa 1925 Mwingereza mmoja, jina lake Percy Harrison Fawcett, pamoja na mwanawe na rafiki wa mwanawe. Walikuwa wakitafuta mji. Habari zao zafaa kusimuliwa, maana maana yake haikufahamika ila baada ya miaka mingi.

Fawcett alizaliwa mwaka wa 1867. Alikuwa afisa wa jeshi la mizinga, kisha akajifunza kazi ya kupima nchi. Mwaka wa 1906 alipelekwa kupima mpaka wa Bolivia na Brazili, na tangu hapo hata 1914 aliingia msituni mara nyingi, akichora ramani za mito. Wenzake waliugua homa, na wengine walikufa. Mwili wake yeye ulikuwa kama chuma. Wala hakuwa mtu wa kumwaga damu. Mwaka wa 1910, katika mto Heath, wenyeji waliwatupia mishale. Naye akawakataza watu wake wasipige bunduki. Wakapiga kinanda, wakaimba, hata mishale ikakoma, wakapatana.

Katika safari hizo aliokota vigae vya vyungu vya kale, akasikia masimulizi ya wenyeji juu ya miji ya zamani. Kisha akasoma waraka uliowekwa katika maktaba ya Rio de Janeiro, ambao wasimulia jinsi Wareno waliotafuta madini walivyokuta, mwaka wa 1753, magofu ya mji wa mawe, wenye matao na sanamu. Hapo moyo wake ukanaswa. Akasadiki ya kuwa ndani ya msitu umo mji mwingine mkubwa zaidi, akauita kwa herufi moja tu, Z. Tena akawaza ya kuwa wajenzi wake walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka mbali. Maana hakudhani kwamba wazee wa wale aliowaona katika nyumba za majani waliweza kujenga mji.

Vita Kuu ya 1914 ikamrudisha Ulaya. Vita ilipokwisha hakustarehe. Mwaka wa 1920 alijaribu tena, lakini farasi wake akaishiwa na nguvu, ikambidi ampige risasi. Mahali pale akapaita Kambi ya Farasi Aliyekufa, akarudi mikono mitupu. Mtu mwingine angaliacha. Yeye mwaka wa 1925 alikwenda mara nyingine, naye umri wake umekaribia miaka 58, akamchukua mwanawe mkubwa, Jack, na rafiki yake, Raleigh Rimell. Tarehe 29 Mei, katika kambi ile ile ya farasi, alimwandikia mkewe, Nina, asiogope. Barua akawapa watumishi wairudishe, nao watatu wakaendelea mbele. Hawakuonekana tena.

Fawcett alikuwa amesema kwamba akipotea asitafutwe. Lakini watu hawakusikia. Mwaka wa 1928 kikosi kilikwenda, kikarudi na kusema ya kuwa ameuawa. Mwaka wa 1932 Mswisi mmoja, Stefan Rattin, aliingia kumtafuta, naye asirudi. Nina alingoja mume na mwana hata akafa mwaka wa 1954. Hivyo tamaa ya mtu mmoja ilivyowagharimu wengi.

Wakalapalo, wenyeji wa nchi ya juu ya mto Xingu, wana masimulizi yao juu ya jambo hili. Wazungu watatu walifika kijijini, wakapokewa. Walipotaka kwenda upande wa mashariki, wenyeji waliwaonya ya kuwa huko wako watu wakali. Hawakukubali. Siku kadhaa wenyeji waliona moshi wa moto wao ukipanda juu ya miti; kisha moshi haukuonekana.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Tangu miaka ya 1990 mtaalamu Mmarekani, Michael Heckenberger, alikaa na Wakuikuro, jirani za Wakalapalo, akachimba na kupima pamoja nao. Mwaka wa 2003 walitangaza waliyoyaona: mahandaki yenye kina cha hata mita 5, barabara zilizonyoka zenye upana wa mita 10 hadi 50, na viwanja vikubwa vya mikutano, vikiunganisha miji mingi iliyositawi kabla ya Wazungu kufika. Haikuwa ya mawe wala ya dhahabu, bali ya udongo na miti. Ndiyo maana msitu uliimeza. Na watu walikwenda wapi? Wengi sana waliuawa na maradhi yaliyoletwa kutoka Ulaya, ambayo miili yao haikuyazoea. Waliosalia ndio baba zao hao Wakuikuro, ambao hata leo hujenga vijiji vyao kwa duara kuzunguka kiwanja, kama zamani.

Basi Fawcett hakukosea aliposema ya kuwa msitu ule ulikuwa na miji. Alikosea juu ya wajenzi. Alitafuta minara ya mawe, na huku alipita katika nchi ile ile yenye mahandaki na barabara. Alitafuta watu wa ajabu, na huku wajukuu wa wajenzi walimkaribisha nyumbani mwao, wakamwonya njia. Wazee wetu walisema, mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Fawcett alivuka mito na kuvumilia homa na njaa. Kuinama ndiko kulikomshinda.