Miaka 50 ya Julie: mimba ambayo sinema iliogopa kuitoa

Mama ameshakata shauri. Bintiye ana mimba, kijana mwenyewe yuko mbali na habari hana, majirani hawajanusa kitu. Itolewe, mambo yaishe. Ndipo anapotokea mwanamke mcha Mungu, Mkristo mwenziwe, akamsihi asithubutu. Mama anakubali shingo upande. Binti anasafirishwa akajifungue mafichoni, na nyumbani wanaambiwa amepata kazi mbali.

Hiyo ni Julie, picha ya Kihindi ya mwaka 1975 iliyoongozwa na K. S. Sethumadhavan, ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 50. Wengi wanaikumbuka kwa ule wimbo wake wa Kiingereza, sauti ya Preeti Sagar. Mimi naikumbuka kwa sababu ya shangazi yangu. Tuliitazama kwa kaseti ya kukodi, sebuleni Kisauni, Mombasa, na ilipofika pale mama anapokata shauri aliinuka akafunga mlango wa uani, kana kwamba siri ile ilikuwa ya nyumba yetu.

Kabla yake, sinema ya mafunzo ya kikoloni haikugusa mambo hayo. Mradi wa filamu uliokuwa na makao yake Vugiri, kule Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulizungusha mashine yake Afrika Mashariki ukiwafundisha watu habari za safura na benki ya posta. Mimba ya msichana iliachiwa somo na kungwi.

Mhindi ndiye aliyeileta kwenye pazia. Majumba makubwa, akina Regal, Naaz na Majestic, yalikuwa kisiwani, kwa hivyo mtu wa bara alivuka kwanza: wa Kisauni kwa daraja la Nyali, wa Changamwe kwa Makupa, na wa Likoni alitazama nusu ya pili jicho moja likiwa kwenye saa, feri isimwache. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018) kuhusu sinema za miji ya Tanzania, anaeleza maonyesho ya wanawake pekee huko Unguja, na jinsi picha ilivyoendelea kujadiliwa nyumbani na barazani baada ya taa kuwashwa. Kwake yeye, mazungumzo hayo ndiyo sinema yenyewe. Namwunga mkono. Nimekulia kwenye mazungumzo hayo.

Maana kesi ilikuwa ileile, ikirudi kwa sura mpya. Dhool Ka Phool (1959): msichana asiye na ndoa anamwacha mwanawe msituni, mtoto anaokotwa na mzee Mwislamu. Aradhana (1969): rubani anakufa, mpenzi wake anabaki na mimba, na maisha yake yote ni kulipia. Kutoa hakukuwa jambo la kuzungumzwa.

Julie ikalizungumza. Nadira, aliyeigiza mama, alipata tuzo ya Filmfare kwa kazi ile, na Lakshmi, Julie mwenyewe, akapata yake. Baba ni dereva wa garimoshi anayependa chupa, na mchumba ni wa dini nyingine. Changamwe, enzi hizo mtaa wa reli na wa kiwanda cha kusafisha mafuta, ambako Mkamba, Mjaluo na Mdigo walipanga mlango kwa mlango, haikuhitaji mkalimani.

Lakini tazama ujanja wake. India ilikuwa imepitisha sheria ya kuruhusu kutoa mimba kwa masharti mwaka 1971, miaka minne kabla. Mama yule angeweza kumpeleka binti kwa daktari. Picha ikamfikisha mlangoni, ikamgeuza. Mwishoni Utpal Dutt, babake kijana, anawatuliza wakubwa kwa hotuba ndefu, na mtoto anapata jina. Shangazi alilia kwa furaha. Jirani yetu alisema hotuba kama hiyo hajawahi kuisikia kwa baba yeyote wa Kisauni, na ubishi ukaanza, ukaenda hadi usiku. Kya Kehna ya mwaka 2000 ilifuata njia hiyohiyo: msichana anaizuia mimba yake isitolewe, na wote wanamwelewa hatimaye.

Picha za Nigeria zilizojaa katika vibanda vya video baadaye zilikuwa na hukumu fupi zaidi: aliyetoa mimba sehemu ya kwanza, sehemu ya pili daktari anamwambia hana kizazi tena.

Shuleni nako tulionyeshwa The Silent Scream, filamu ya Marekani ya mwaka 1984, dakika 28, Daktari Bernard Nathanson akifasiri picha za tumboni. Wasichana waliwekwa mbele, wavulana nyuma. Hatukuambiwa kwamba madaktari wenzake walimpinga kuhusu maumivu ya kijusi cha wiki 12. Mmoja wetu alitoka nje akatapika, na mwalimu akalichukulia kuwa somo limeingia.

Tangu hapo sheria imebadilika zaidi kuliko filamu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26(4), inakataza kutoa mimba isipokuwa mtaalamu wa afya akiona dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Utafiti uliotolewa 2013 na Wizara ya Afya pamoja na wenzake ulikadiria mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini mwaka 2012. Mwaka 2018 bodi ya filamu, ileile iliyoipiga filamu ya Rafiki marufuku mwezi wa Aprili, iliyazima matangazo ya shirika la Marie Stopes ya redio na televisheni ikisema yanahimiza utoaji mimba. Novemba bodi ya madaktari ikaliamuru shirika hilo lisitishe huduma hizo. Desemba amri ikaondolewa. Kelele zote zile zilikuwa juu ya tangazo. Filamu yetu wenyewe ya jambo hilo, ya kugombaniwa, hatukuwa nayo, na kwa Pwani hii yenye waigizaji kila mtaa nadhani hilo ni la kuona haya.

Chad wameitengeneza. Lingui, ya Mahamat-Saleh Haroun, ilishindanishwa Cannes mwaka 2021. Inaanza na Amina, mama Mwislamu anayelea peke yake, akichana tairi kuukuu kwa kisu, akivuta nyaya za chuma kutoka ndani yake ili asuke majiko ya kuuza. Mikono hiyo naijua, iko hapa kwetu, Kongowea. Bintiye Maria ana miaka 15, ana mimba, shule imemfukuza, naye hataki kuzaa. Mama anakataa, anapiga, anaswali, kisha anaanza kutafuta pesa. Wanavuka wote wawili wakiwa hai.

Nilimwekea shangazi picha hiyo kwenye simu. Aliitazama hadi mwisho bila neno, safari hii mlango wa uani ukiwa wazi. Kisha akauliza kama yule mama bado anauza majiko.