Guinea: Chimbuko la mito na ghala la boksiti

GUINEA ni nchi ya Afrika Magharibi inayopakana na Bahari ya Atlantiki. Wengi huichanganya na jirani yake Guinea-Bissau, au na Guinea ya Ikweta iliyo mbali zaidi, ndiposa aghalabu hutajwa pamoja na jina la mji wake mkuu, Conakry. Ina ukubwa wa kilomita mraba 245,857 na ilijinyakulia uhuru kutoka kwa Ufaransa mnamo Oktoba 2, 1958.

Pwani yake ni tambarare yenye mikoko na mashamba ya mpunga. Mvua ni nyingi mno. Conakry hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka. Nyuma ya pwani huinuka nyanda za juu za Fouta Djallon, makao ya wafugaji wa Kifulani, ambako mto Gambia huanzia. Mto Niger nao huchimbuka karibu na mpaka wa Sierra Leone, takriban kilomita 240 tu kutoka baharini. Ajabu ni kwamba huipa bahari hiyo kisogo, ukaelekea Mali hadi ukingoni mwa Sahara, kisha ukageuka kusini na kumwaga maji yake nchini Nigeria baada ya safari ya kilomita 4,180.

Hata hivyo, sifa kuu ya Guinea ni boksiti, udongo mwekundu unaotengenezewa alumini. Inakadiriwa kuwa na akiba ya tani bilioni 7.4, na hakuna nchi inayoishinda kwa kuuza madini hayo nje, sehemu kubwa ikipelekwa China. Mgodi wa Sangarédi ulianza kusafirisha boksiti mwaka 1973 kwa reli hadi bandari ya Kamsar.

Tatizo ni kwamba karibu yote huondoka ikiwa ghafi. Kiwanda cha kuisafisha kilichofunguliwa Fria mwaka 1960, cha kwanza barani Afrika, kilisimama mwaka 2012 kufuatia mgomo wa wafanyakazi na kurejelea kazi mwaka 2018. Mwaka 2017 ghasia zilizuka Boké, kitovu cha uchimbaji, wakazi wakilalamikia vumbi na ukosefu wa umeme na maji. Mnamo 2025 serikali iliipokonya kampuni moja ya kigeni leseni, ikisema haikutimiza ahadi ya kujenga kiwanda.

Kusini mashariki kuna milima ya Simandou, yenye chuma cha kiwango cha juu cha zaidi ya asilimia 65. Utafiti ulianza miaka ya 1990, lakini mizozo ya leseni na gharama ya reli ya zaidi ya kilomita 600 hadi bandari ya Morebaya ilichelewesha mradi hadi ulipozinduliwa Novemba 2025.

Mlima Nimba, wenye urefu wa mita 1,752, pia una chuma. Huko huishi chura mdogo asiyetaga mayai bali huzaa, na hapatikani kwingineko duniani. Hifadhi yake imo katika orodha ya UNESCO ya turathi zilizo hatarini tangu 1992.