Noeli katika miji ya shaba: nyimbo za wageni na za wenyeji wa Katanga

Katika mafundisho ya liturjia kuna swali moja linalorudi kila mara: wimbo wa kienyeji ni wimbo wa nani? Mwenye kuuliza hufikiri kwamba jibu ni jepesi. Mjini kuna mwenyeji, tena kuna mgeni. Basi wimbo wa mwenyeji ndio wa kienyeji, yamekwisha. Sisi tumetafuta jibu katika historia ya sikukuu za Katanga, nasi tumeona ya kuwa jibu si jepesi hata kidogo. Tena swali hilo, likiulizwa kwa moyo mbaya, limekwisha kuleta machozi mengi katika nchi yetu.

Mwaka 1910 gari la moshi lililotoka kusini lilifika mahali palipoanza mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa katika tanuru. Wamisionari walifika pamoja na reli: Wabenedikto mwaka 1910, na mkubwa wao Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye; Wasalesiani mwaka 1911. Nchi ilikuwa na wenyewe, ndio Balamba, Basanga, Balunda, Bayeke na wengine, lakini hawakutosha kwa kazi kubwa namna ile. Basi kompani ya Union Minière ikatafuta watu mbali. Kwanza wakatoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Babemba na jirani zao. Wengine wakatoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mwaka 1928 njia ya reli ikafika Port-Francqui, leo Ilebo, na nchi ya Kasai ikafunguka. Kutoka hapo Baluba, Bena Lulua na Basonge wakaja kwa wingi; wengine tena wakaandikishwa katika Ruanda na Urundi.

Katika miaka ile ile kompani ikaacha desturi ya kuandika wanaume peke yao kwa miezi michache. Ikataka mtu akae, alete mke, azae watoto kambini. Watu wa historia husema habari hii juu ya kazi na faida. Lakini kwa habari ya nyimbo ni neno kubwa kuliko yote. Mwanamume aliye peke yake huleta mikono yake na ngoma yake ya Jumapili. Mke huleta nyimbo za kubembeleza mtoto, nyimbo za kutwanga, nyimbo za harusi na za kilio. Tangu siku ile kambi ilikuwa na nyimbo za maisha mazima.

Watu hao walisikilizana kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama kwa karibu wote. Hata lugha tunayoandika hapa ilikuja na miguu.

Tuangalie sasa michezo ya Jumapili na ya sikukuu, maana ndipo watu walipojuana. Mchezo uliojulikana sana zamani ulikuwa mbeni. Asili yake ni pwani ya mashariki, mwisho wa karne ya 19, na jina lake limetoka katika neno la Kiingereza la bendi. Watu walipanga mistari kama askari, wakapiga baragumu na ngoma kubwa, wakapeana vyeo: huyu mfalme, huyu gavana, huyu daktari. Vita vya 1914–1918 viliutawanya mchezo huo kila upande, kwa sababu askari na wapagazi wa Kongo walikwenda hata Tabora, mji uliotwaliwa mwaka 1916. Katika miaka ya 1920 mbeni ilichezwa hata Katanga. Serikali iliuogopa, na wamisionari wengi waliukataza, wakiona humo ulevi, mashindano na siri. Hatusemi kwamba waliona vibaya katika yote. Lakini vyama hivyo vilikuwa pia vikitazama wagonjwa na kuzika wafu, na mtu aliyekufa mbali na ukoo wake hakutupwa. Kazi hiyo ya huruma ilistahili kuangaliwa vizuri zaidi na watu wa Injili.

Upande wa pili wa mpaka, katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, palikuwa na mchezo wa kalela. Mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliutazama katika mji wa Luanshya, na kitabu chake kilitoka mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana Babisa, wenye mashati safi na viatu vya kung’aa. Nyimbo zao zilicheka makabila mengine na kujicheka wenyewe. Inafaa kufikiri juu ya jambo hilo. Watu waliokutana kwa ghafula, kila mmoja na lugha yake, walifanya utani, na utani ukawa njia ya kukaa pamoja bila kupigana. Reli ni ile ile na kazi ni ile ile. Watu walivuka mpaka na nyimbo zao.

Na kanisani je? Kanisani mambo yalikuwa mengine. Usiku wa Noeli watu waliimba Misa ya Kilatini, na nyimbo za Ulaya zilizogeuzwa kwa Kiswahili. Papa Pio X, katika barua yake ya tarehe 22 Novemba 1903 juu ya muziki mtakatifu, alikuwa amekataza ngoma na vyombo vyenye makelele ndani ya kanisa. Wasomaji wengine husahau kwamba barua ile ile iliruhusu kila taifa kutia katika nyimbo za kanisa namna zake lenyewe, mradi zisivunje utakatifu. Amri ya kwanza ilishikwa kwa nguvu, ruhusa ya pili ilikaa kitabuni. Katika misioni nyingi ngoma iliita watu kusali, lakini yenyewe ilibaki nje ya mlango.

Basi Noeli ya kambini ilikuwa na sehemu mbili. Usiku, watu wote pamoja, kwa Kilatini, chini ya nyota ya karatasi. Mchana, baada ya Misa, kila kabila kwenye kiwanja chake na ngoma zake: hapa madimba ya watu wa Kasai, pale kisanji cha Batshokwe, pale wachezaji kutoka Ruanda; na munkoyo katika vyombo. Juma moja baadaye ikafika Bonane, neno tulilolitwaa katika Kifaransa, na ambalo Wanyarwanda nao wanalo kwa namna yao, ubunani. Watoto waliozaliwa kambini hawakukaa kwenye kiwanja kimoja. Walipita pote, wakajifunza mapigo ya wote. Hao ndio waliokuja kuwa waimbaji wetu.

Wengine walishika gitare. Aliyejulikana kuliko wote ni Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Aliimba kwa Kiswahili, na wimbo wake Masanga ulisikilizwa mbali sana na Kongo. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, Muyeke halisi, mwenyeji wa Katanga. Lakini Bayeke ni nani? Wazee wao walitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, katika karne ya 19, wakimfuata Msiri aliyejifanya mfalme Bunkeya na kuuawa mwaka 1891. Mwenyeji wa leo ni mgeni wa jana.

Tuje kwa wale walioleta nyimbo hizo altareni. Elisabethville palikuwa na kwaya ya watoto, Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba, chini ya Mbenedikto Anschaire Lamoral. Pamoja nao alifanya kazi Joseph Kiwele, mtu wa upande wa Ziwa Tanganyika, aliyepita seminari kabla ya kuwa mwalimu wa muziki. Kiwele alitunga Missa Katanga: maneno ya Kilatini, roho ya muziki ya Kiafrika. Yeye naye hakuzaliwa katika mji wa shaba.

Habari ya Kamina inatuambia zaidi. Kamina ni mji wa reli. Watu wa Katanga na watu wa Kasai walikutana huko kama maji ya mito miwili. Padri Mfransisko Guido Haazen alikusanya watoto wa masomo na walimu wao, akawaita Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Kamina, waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba katika Misa. Walikuwa hawakuiandika kwa alama za muziki. Walishika maneno ya Kilatini, wakaimba kwa pamoja, mmoja akianza na wengine wakiitika, kama watu wanavyofanya kijijini. Mwaka ule ule wakasafiri Ulaya, na Misa yao ikasikilizwa duniani pote.

Tusikilize vipande vyake kwa uangalifu, maana wengi huvisifu bila kujua vimetoka wapi. Credo imefuata kasala, yaani maneno ya kusifu na ya kulilia wafu ya Baluba. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana. Hosanna imeshika mapigo ya mchezo wa Kasai. Na Agnus Dei, sala ya kuomba amani, imetoka katika wimbo wa Bena Lulua. Basi Misa inayoitwa ya Kiluba inaomba amani kwa sauti ya Bena Lulua. Mwezi wa Oktoba 1959, mwaka mmoja na nusu tu baadaye, Baluba na Bena Lulua walianza kuuana huko Luluabourg, leo Kananga. Vijiji viliteketea, maelfu wakakimbia. Tunaandika neno hili bila kuongeza kitu.

Katanga nayo haikupona. Katika uchaguzi wa mitaa wa Desemba 1957 huko Elisabethville, walio wengi kati ya wakubwa wa mitaa waliochaguliwa walitoka Kasai. Mwaka 1958 ikazaliwa Conakat, chama cha waliojiita Wakatanga halisi. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri yule yule. Katanga ilipojitenga mwezi wa Julai 1960, Kiwele alikuwa waziri wa elimu na alitunga wimbo wa taifa jipya. Alikufa mwaka 1961. Mwaka huo huo maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya wakimbizi mjini, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na wengi wao walipelekwa Kasai baadaye. Wengine walikuwa wamezaliwa Katanga, wasioijua Kasai isipokuwa katika nyimbo za mama zao.

Na mwaka 1992 na 1993 ikawa vile vile huko Likasi na Kolwezi. Watu walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala siku nyingi vituoni wakingoja gari la moshi, reli ile ile iliyowaleta wazee wao. Watoto walikufa njiani. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo waimbaji, wapiga ngoma na wakatekista wa parokia zetu. Kati ya waliofukuza walikuwamo wabatizwa. Mtu aliyeimba pamoja na jirani yake usiku wa Noeli aliweza kumwonyesha mlango. Wimbo peke yake haukuzuia. Tusijidanganye juu ya hilo tunaposifu muziki wetu.

Kwa upande wa sheria za Eklezia mambo yalitengenezwa polepole. Papa Pio XII, katika barua yake ya siku ya Noeli ya 1955, aliwahimiza wamisionari kukuza nyimbo takatifu za watu wao. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka muziki wa mataifa upewe heshima yake. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ikakubali Misale ya majimbo ya Zaire. Ndani yake Gloria huimbwa kwa kucheza kuzunguka altare: ngoma iliyobaki mlangoni miaka mingi imeingia hata mahali patakatifu. Jambo la pili halitazamwi sana. Katika Misale hiyo watu hupeana amani mapema, mara baada ya kuungama makosa, kabla ya kutoa matoleo. Anayeleta mkate na divai amekwisha kushika mkono wa jirani yake, awe wa Kasai au wa Bunkeya.

Tunawaomba wakatekista na waseminari wanaokwenda likizo wafanye kazi moja ndogo. Kwaya yenu ikiimba Gloria ya Noeli, msitosheke na jina la kabila. Waulizeni wazee: pigo hili lilichezwa wapi kwanza, katika harusi au katika kilio? Nani alilileta kambini, kwa reli gani, mwaka gani? Andikeni maneno katika lugha yake, kisha katika Kiswahili, na hesabu ya ngoma, na jina la kijiji. Waulizeni hasa akina mama waliozaliwa kambini kabla ya uhuru. Wamebaki wachache, na wanakumbuka viwanja vyote.