Barafu ya alfajiri Mlima Kenya na msafiri atokaye Kisumu

Mstari wa ikweta upitao Maseno, karibu na Kisumu, ndio huo huo unaokata miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Hata hivyo, mkazi wa ufuo wa Ziwa Victoria aendaye kuupanda mlima huo huacha mji ulio mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, akilenga kilele cha Lenana chenye mita 4,985, ambako njia huweza kuwa na barafu mwezi wowote wa mwaka.

Majira ya baridi kama ya Ulaya hayapo huko. Baridi ya mlima wa ikweta hufuata saa, si kalenda. Mchana jua huyeyusha theluji, maji yakatiririka juu ya mawe, na usiku maji hayo huganda. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Usiku ambao Kisumu ina nyuzi 17, Lenana huwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri, kabla upepo haujahesabiwa.

Hapo ndipo penye hatari. Wapandaji wengi huondoka kambi za Mackinder au Shipton saa nane au tisa usiku ili waone jua likichomoza wakiwa kileleni. Kwa sababu hiyo huifikia sehemu ngumu zaidi ya njia wakati barafu ni ngumu kuliko saa nyingine yoyote. Inayowaangusha si theluji nyeupe ionekanayo pichani, bali utando mwembamba juu ya jiwe jeusi, ambao tochi haiuonyeshi. Nyaya na vyuma vya kushikia vilivyofungwa mwambani karibu na kilele navyo huganda.

Anayeondoka kambini saa kumi na moja alfajiri hukosa macheo, lakini hufika juu wakati jua limeanza kulegeza barafu, na angali na muda wa kushuka kabla ya mawingu ya mchana. Picha ya macheo ni nzuri, ila mita 4,900 hakuna gari la wagonjwa.

Januari na Februari huwa na ukavu zaidi. Mvua za masika na za vuli huleta theluji mpya inayofukia alama za njia. Kati ya Juni na Septemba jua huwa kaskazini mwa ikweta, hivyo nyuso za kusini hukaa kivulini na kuhifadhi barafu kwa muda mrefu.

Si kweli kwamba kuyeyuka kwa barafu ya kale kumeifanya njia kuwa salama. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian Septemba 13, 1899, reli ilikuwa bado haijafika Kisumu. Ilifika Desemba 1901. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mahali ilipojitenga imeacha kokoto na mawe yasiyoshikamana, ambayo baridi ya usiku huyafunga na jua huyafungua.

Kwa mtu wa ufuoni kuna tatizo jingine: hewa nyepesi. Ushauri wa kitabibu ni kwamba, zaidi ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Kutoka kambi ya Old Moses hadi Shipton ni zaidi ya mita 900. Usiku wa ziada njiani si anasa. Anayekohoa na kuhema hata akiwa amepumzika ateremshwe mara moja, bila kungoja kupambazuke.

Jaketi nzito na glavu hupatikana katika mitumba ya soko la Kibuye. Suruali ya jinzi iachwe nyumbani, kwani ikilowa hukauka polepole na haihifadhi joto. Vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu huhitajika theluji inapokuwa nyingi, na mwongozaji wa Naro Moru au Nanyuki ndiye ajuaye hali ya wiki hiyo.