Jina la Désiré na miaka kumi na moja ya kuhama Python

Désiré ni jina la herufi sita. Lakini Python ya 2, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilihesabu nane, kwa sababu kila é huhifadhiwa kwa baiti mbili na lugha hiyo ilichanganya herufi na baiti. Mara nyingine programu ilisimama kabisa ilipokutana na alama hiyo. Yeyote aliyewahi kupanga mstari akingoja jina lake lisomwe anajua uzito wa jina lililoharibika.

Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa Python mwaka wa 1991, na wenzake waliamua kusahihisha. Tarehe 3 Desemba 2008 wakatoa Python ya 3. Shida ni kwamba walibadilisha mengi kwa mara moja. Amri ya print ikadai mabano, na programu za zamani zikakataa kuanza. Hilo angalau lilionekana. La kutisha zaidi ni kugawanya: zamani 7 kwa 2 ilitoa 3, sasa inatoa 3.5, bila onyo lolote. Programu ya kugawa magunia ingeendelea kufanya kazi, ila kwa hesabu nyingine.

Wengi hawakuhama. Haukuwa uvivu. Programu moja husimama juu ya kazi za watu wengi, na mmoja wao akichelewa, wote wanangoja.

Chombo kiitwacho 2to3 kiligeuza maandishi ya zamani, lakini hakikutosha, maana kazi ya kila siku haikuweza kusimama. Kilichosaidia ni daraja: maktaba ndogo iitwayo six, yaani mbili mara tatu, iliyowezesha maandishi yale yale kutumika pande zote mbili. Hata wakubwa walirudi nyuma. Herufi u ya mbele ya maneno, waliyoiondoa 2008, ilirudishwa katika Python ya 3.3 mwaka wa 2012. Mwaka wa 2014 wakasogeza mwisho wa Python ya 2 kutoka 2015 hadi 2020.

Django, ambayo wengi huijengea tovuti, ilianza kupokea Python ya 3 kwa majaribio mwaka wa 2013, ikibeba nakala ya six ndani yake. Mwezi wa kumi na mbili 2017 ikaacha Python ya 2. Miaka miwili baadaye ikaliondoa na daraja lenyewe.

Toleo la mwisho, 2.7.18, lilitoka mwezi wa nne 2020. Programu zilizobaki huko bado zinaweza kufanya kazi, lakini tundu likionekana, waliotengeneza lugha hiyo hawalizibi tena.